Gunia la Mkaa Nyuma ya Mlango

Hamilton, Kanada
10 Aprili 1988

Kaka Pastory na Dada Jovita,

Nawasalimu sana, waitu, ndugu zangu wa damu. Mimi mzima. Baridi imeanza kuachia na watu wameanza kuonekana barabarani masikio yao yakiwa wazi, bila kofia.

Barua hii ni ya Kaka zaidi, Dada utanisamehe. Nina jambo linanisumbua na huku hakuna wa kuniamulia. Nyumba hii ina uwanja wa nyuma wenye nyasi, na joto likifika kila mtu mtaani anachomea nyama nje. Jumamosi nilikwenda dukani kutazama majiko. Yako ya namna mbili. La kwanza ni la gesi: mtungi uko chini, unafungua, unabonyeza kidude, moto huo! Lina mfuniko, magurudumu, na meza ndogo pembeni ya kuwekea vyombo. La pili ni la mkaa, jeusi, la duara, miguu mitatu, halina maringo yoyote. Hilo lazima uwashe, upepee, ungoje, na moshi uende kumtembelea jirani.

Kaka, wewe umechoma nyama pale Bakoba, mjini Bukoba, tangu ulipotoka vita vya Kagera. Tata alikuwa ameshatutoka, tumebaki bila baba, na kwa moshi ule ndio mimi nikasoma mpaka nikafika huku. Basi amua wewe. Utakalosema ndilo litakalonunuliwa.

Dada aliniandikia kwamba malaria yako haisikii dawa. Kunywa supu, pumzika, mwachie mwenzako kazi. Krismasi nakuja, na safari hii si maneno. Nimewawekea picha. Hiyo ndiyo nyumba, na huyo kando ya mlango ni mimi. Msidhani ni mwingine, nimenenepa.

Wenu,
Damian


Kishanda, Muleba
8 Mei 1988

Mdogo wangu Damian,

Barua yako niliipokea Nshamba nikitoka kufundisha, nikaisoma huku natembea, nusura niingie mtaroni.

Kaka hayuko Bakoba tena. Nilimfuata baada ya Pasaka, sasa yuko hapa Kishanda katika chumba cha Tata. Jiko lake la kule amemwachia Zahoro, yule mwenzake. Nilimsomea barua yako akacheka mpaka nikamshika mgongo. Hajacheka hivyo tangu Kwaresima. Picha ameniamuru niibandike ukutani anapoweza kuiona, na anaitazama kweli. Halafu akasema, "Kaa uandike, na usinitengenezee maneno kwa sababu wewe ni mwalimu." Anasema Kihaya, mimi naandika Kiswahili. Haya, huyu hapa:

"Mdogo wangu, chukua la mkaa. Hilo la gesi ni la watu wenye haraka, na mwenye haraka asichome nyama, achemshe mayai. Washa mkaa mapema, kabla wageni hawajafika. Usiweke nyama mkaa ukiwa na mwali, ngoja uvae majivu. Halafu weka kiganja juu ya wavu na uanze Salamu Maria. Ukiimaliza yote na mkono bado uko pale, moto ni mdogo. Ukitoa mkono katikati, hapo sawasawa, weka nyama. Chumvi ije mwishoni. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, usimwage maji, sogeza nyama pembeni. Uwe na mashati mawili, moja la kuchomea na moja la kupelekea nyama mezani. Usionje mbele za watu. Na mtu akikuita, itika kwanza, nyama itakungoja. Hili la mwisho lishike kuliko yote."

Nilimuuliza, mwenye nyumba anamwitikia nani? Akanijibu niandike tu.

Sasa haya ni yangu, yeye amelala. Damian, si malaria. Ni ule ugonjwa wa kukonda ambao huku watu wameupa jina la mwanamke, Juliana. Sitauandika mara ya pili, barua zinafunguliwa njiani. Nyumba ya chini yetu wamebaki watoto watupu na bibi yao. Daktari ameniambia nisimhesabie Kaka Krismasi.

Alipotoka Bakoba alibeba nguo chache, redio yake, na gunia zima la mkaa. Watu kwenye gari walimcheka, mgonjwa anahama na mkaa! Ameliweka nyuma ya mlango wa chumba na hataki mtu achukue hata kipande. Ni la kuchomea mbuzi siku utakayofika. Mbuzi mwenyewe yupo, amefungwa kibanjani, kwenye migomba yetu, anamaliza maharage yangu. Gari likipita kwenda Nshamba, Kaka ananyanyua kichwa. Hataki kitu kingine, anataka kukuona. Njoo sasa, usingoje Krismasi.

Dada yako,
Jovita


Hamilton
5 Juni 1988

Dada Jovita,

Sehemu yako ya barua niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini. Sikujua. Hata sasa sitaki kujua.

Nitakuja. Ila huku mtu haondoki tu kama anayetoka kwenda sokoni. Kuna ruhusa, kuna karatasi, kuna mambo. Nipe mpaka Septemba. Natuma vidonge vya vitamini, umpatie kimoja asubuhi baada ya uji.

Mwambie Kaka maneno yake niliyasoma kwa sauti jikoni. Habari ya Salamu Maria wameipenda, wakacheka sana. Shida ni kwamba wanataka la gesi. Wanasema mkaa unachafua ukuta, na jirani ni mwepesi wa kulalamika. Mimi nalipigania la mkaa, asiwe na wasiwasi. Muulize na hili: mkaa ukiloa theluji unaweza kuanikwa ukawaka tena?

Mwambie pia kwamba shati la pili nimeshanunua, jeupe.

Damian


Kishanda
3 Julai 1988

Damian,

Wanataka. Wanasema. Wakacheka. Akina nani hao? Umeoa ukatuficha? Kama una mke Mzungu mlete tumwone, hatumli.

Septemba ni mbali. Kaka hamezi ndizi tena, nampa uji kwa kijiko cha mtoto. Namnyanyua peke yangu, mimi huyu ambaye ndoo ya maji ilikuwa inanishinda. Watu wanakuja kumwona, wanaishia mlangoni wakiwa wameshika kofia. Zahoro ndiye pekee anayeingia mpaka ndani. Anatoka Bakoba kila Ijumaa baada ya swala, anakaa kitandani, anamnyoa ndevu, wanabishana kuhusu bei ya mbuzi. Mungu amlipe.

Kuhusu mkaa wako wa theluji, Kaka anasema unaanikwa na unawaka, ila utaruka vipande, usimame mbali. Ulipoandika kwamba wanataka gesi, sikumwona akiudhika. Nilikasirika mimi.

Jana aliomba kalamu. Alihangaika nayo asubuhi nzima na hakutaka nimshike mkono. Karatasi yake ndiyo hiyo ndani ya bahasha, sikuongeza kitu.

Jovita

*Mdogo wangu mkaa upo. Njoo. P.*


Kishanda
31 Julai 1988

Ndugu yangu Damian,

Nakusalimu. Tangu Jumanne jikoni kwetu hatujawasha moto. Kokuberwa wa hapa juu na wenzake ndio wanaotuletea chakula. Nje wanaume wamewasha gogo, wamelizunguka. Nyumba imejaa watu, hata wale waliokuwa wakiishia mlangoni wameingia. Zahoro amekuja na wachoma nyama wote wa Bakoba, wamefunga kazi.

Nguo za Kaka nimezifua na kuzikunja. Redio nimeizima.

Usihangaike tena na ile safari ya haraka. Njoo utakapoweza. Gunia liko palepale.

Najua umenielewa.

Dada yako,
Jovita


Hamilton
28 Agosti 1988

Dada mpenzi,

Barua yako imenipa nafuu, hujui tu! Niliifungua palepale mlangoni, nikakuta habari za moto na wageni. Kwanza nafurahi kwamba watu wameacha uoga na sasa wanaingia ndani kumwona Kaka. Akiona watu wengi namna hiyo lazima apate nguvu. Na kwa kuwa umesema nisiharakishe, basi nimeshusha pumzi. Septemba ilikuwa inanibana.

Ila umenihuzunisha kwa jambo moja. Mpaka jiko lenu halijawashwa na mnaletewa chakula na majirani! Kumbe hali ya kuni imekuwa mbaya kiasi hicho, na wewe na ujeuri wako huwezi kusema. Nimefikiri sana. Nitatafuta njia nikutumie jiko dogo la gesi, la mafiga mawili. Mtungi utapata Bukoba mjini. Utabonyeza tu, uji wa Kaka dakika tano. Tafadhali msije mkagusa mkaa wake kwa ajili ya shida hiyo.

Mwambie tumeshindwa, limenunuliwa la gesi. Linang'aa, lakini nyama yake haina hadithi. Tena mafuta yakidondoka linawaka lote, na huwezi kusogeza nyama popote. Muulize Kaka hapo nifanyeje.

Damian


Kishanda
25 Septemba 1988

Damian,

Kaka Pastory alikufa Jumanne tarehe 26 Julai, saa nne asubuhi. Sasa nimeandika, kwa kuwa usipoandikiwa huelewi.

Kuni! Mtu wa Kishanda, aliyezaliwa katika kibanja chenye miti pande zote, anaambiwa jikoni hakuna moto na wanaume wako nje na gogo, anafikiri tumeishiwa kuni? Tata alipokufa si ulikaa kwenye moto kama huohuo? Si Kokuberwa huyuhuyu aliyekuletea ndizi kwenye jani, ukalia kwamba unataka za Pastory? Mwanamke gani wa kwetu anapika ndani ya msiba wake? Miaka minane tu, Damian! Watu waliuliza umesemaje. Nikasimama mbele yao na barua yako mkononi, nikasema ndugu yangu analia sana. Nimekudanganyia mbele ya kaburi, kwa sababu nisingeweza kuwasomea habari za mafiga mawili.

Na mimi nina kosa langu, nalisema. Niliogopa kukuandikia neno lenyewe ukiwa peke yako. Mtoto wa Ma Joviana wa Nshamba alipelekewa neno moja kavu huko alikokuwa akisoma, akaanguka palepale barabarani. Nikasema wangu nitamwambia kama tunavyoambiana hapa, ataona jikoni hakuna moto, atajua. Sikufikiri kwamba umetuacha mbali hivyo.

Asubuhi ile aliomba nimgeuze atazame mlango. Gari likapita. Akaniuliza, "Ni yeye?" Nikasema siyo. Akasema, "Basi atakuja na la jioni." Hakusema tena.

Usiniandikie habari za majiko.

Jovita


Hamilton
30 Oktoba 1988

Dada Jovita,

Nisamehe mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Sitajitetea, nitakuambia tu yaliyokuwepo. Nyumba ile kwenye picha si yangu. Mimi ni mtumishi wa humo. Napika, nakata nyasi, namwogesha mzee wa nyumba, nalala chumba cha chini ya ardhi kando ya tangi la maji moto. Chuo nilishindwa mwaka wa tatu, na karatasi zangu za kukaa huku ziliisha tangu themanini na tano. Nikitoka, sirudi. Na tiketi sikuwa nayo, sikuwahi kuwa nayo, wala Krismasi hii wala zile zote nilizokuahidi. Jiko lilikuwa lao. Walinituma nikaangalie dukani kwa sababu niliwaambia kaka yangu ndiye mchoma nyama mkubwa wa Bukoba. Sikudanganya hapo. Nilidanganya kwingine kote.

Ningesemaje, Dada? Kaka alikuwa ameshawaambia Bakoba nzima kwamba mdogo wake ni injinia Kanada. Kila mshikaki aliouza, aliuza na jina langu. Niliona nikisema ukweli nitakuwa nimemnyang'anya.

Kuhusu moto wa jikoni, sijui kama nilisahau au nilikataa. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Miaka minane sijakanyaga nyumba yenye msiba. Huku mtu akifa gari linakuja, linaondoka, na jioni jiko linawashwa kama kawaida. Lakini nadhani nilipofika pale uliposema nguo umezikunja, kitu fulani ndani yangu kilijua, na mkono ukakimbilia kuandika habari za gesi. Waitu, nimeandika upuuzi juu ya maiti ya kaka yangu.

Siku niliyopokea barua yako nilitoka uwanjani nikawasha lile jiko lao. Nilitaka nikae nje na moto, kama wanaume wa kwetu. Likawaka rangi ya buluu, linazomea. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Mama wa nyumba akafungua dirisha akauliza nampikia nani. Nikamwambia sipiki. Akasema basi zima, mtungi unaisha. Nikazima. Moto wa Kaka Pastory, Dada, nimeuzima kwa kugeuza kidude, kwa sababu nimeambiwa.

Kesho yake nilinunua mfuko wa mkaa kituo cha mafuta, nikauwasha ndani ya ndoo mbovu nyuma ya gereji. Nilingoja ukavaa majivu kama alivyosema. Nikaweka kiganja juu yake nikaanza Salamu Maria. Nilifika katikati, nikaona siwezi kutoa mkono, nikaisali mpaka mwisho. Ndiyo sababu ya mwandiko huu.

Sina haki ya kuuliza, lakini nauliza. Gunia lile bado lipo?

Damian


Kishanda
4 Desemba 1988

Damian mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma peke yangu kibanjani, chini ya migomba, nikalia mpaka nikakosa kamasi. Halafu nikakutukana, halafu nikalia tena. Umeunguza mkono kwa nini, mjinga wewe? Nani alikuomba mkono?

Sasa nisikilize. Kaka alijua.

Alijua tangu siku ile ya Mei. Alipokwambia uwe na mashati mawili, usionje mbele za watu, ukiitwa uitike kwanza, mimi nilidhani homa imempanda. Nilimuuliza tena Julai, nilipokwisha kukutumia ile barua yangu ya hasira kuhusu hao wanaotaka gesi. Akaniambia, "Mwache, anatumwa." Nikamuuliza amejuaje. Akanyoosha kidole kwenye picha ukutani. Nenda kaitazame kama unayo nyingine. Una kitambaa begani, umesimama kando, si katikati ya mlango, na mikono umeifumbata mbele. Akasema, "Nimesimama hivyo miaka tisa. Mwenye nyumba hasimami hivyo." Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anakuchagulia jiko. Alikuwa anakufundisha kazi usije ukafukuzwa.

Nilitaka kukuandikia palepale, akanikataza. Alisema mtu akiamua kuificha aibu yake asivuliwe na ndugu zake, atasema mwenyewe siku akichoka. Na injinia wake wa Kanada aliendelea kumtangaza mpaka mwisho. Zahoro anajua, na bado anakutangaza pale Bakoba.

Nilipokasirika na barua yako ya mafiga mawili nilisahau haya yote. Nilikuwa na hasira na kifo, nikakupata wewe. Nisamehe na mimi.

Unachotaka kujua ni kama alikulaumu. Hakukulaumu. Alijua huna njia ya kuja, Damian, alijua kuliko mimi niliyekuwa nakusukuma kwa barua. Na bado gari likipita alinyanyua kichwa. Nilimwambia, "Kaka, si unajua hawezi?" Akasema, "Najua. Acha nisikilize tu."

Mbuzi tulimchinja siku za matanga, watu walikuwa wengi na sikuwa na lingine. Nyama yake majirani waliichemsha kwao. Mkaa sikuutoa. Wachoma nyama wa Bakoba walitaka wamchomee kaka yao mbuzi yule kwa heshima, nikasimama mlangoni nikawaambia gunia lina mwenyewe.

Liko palepale nyuma ya mlango. Panya walitoboa kona moja, nimeishona kwa uzi wa nailoni. Siku watakayokufukuza, au utakayochoka, njoo. Usinunue zawadi. Usitafute shati. Ukifika utalitoa gunia nje wewe mwenyewe mpaka kaburini, utawasha, na tutakaa hapo mimi na wewe, na Zahoro nitamwita. Hatutaweka nyama.

Mkono utibu vizuri. Utauhitaji kupepea.

Dada yako,
Jovita